Kisyeri na Mama Mkwe Angani

Mdogo wangu Kisyeri alizaliwa Nyanungu, katikati ya ng'ombe, na mpaka anaota ndevu mwanga alioujua usiku ni wa moto wa kuni na wa mwezi. Labda ndiyo maana alipopata mwanga wa kwake hakujua kuuzima. Miaka ile bei ya dhahabu ilipopanda na nusu ya vijana wa Tarime wakahamia Nyamongo, naye aliacha ng'ombe wa baba, akaingia duarani, shimoni kunakochimbwa dhahabu, na tochi kichwani, na tangu hapo tochi haikushuka. Duara lao lilipotema dhahabu, wenzake walinunua pikipiki na kuongeza wake. Yeye alinunua karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, halafu taa kubwa ya kulimulika karasha, halafu simu yenye kioo kipana kama sahani. Mimi ni dada yake, Scholastica. Nimekaa naye nyumba moja, na ninajua maana ya kuamshwa usingizini ili uonyeshwe video ya karasha likisaga.

Basi mtu huyu akampenda Akech, binti wa Kijaluo aliyekuwa akileta vitenge Nyamongo kutoka dukani kwa mama yake, Sirari. Akech naye akampenda, sijui alimpendea nini, labda ule mwanga. Alipopata kazi ya duka Dubai akaondoka na ahadi: mama yake akikubali, watafunga ndoa.

Mama yake hakukubali. Mama Abonyo ni mjane, mnyoofu, mtu wa kanisani, na Kisyeri alijitambulisha kwake vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alifika Sirari umeme ukiwa umekatika, ametoka moja kwa moja karashani, akabisha hodi na kuingia na tochi yake kwenye paji la uso, inawaka. Mama Abonyo alikuwa ameketi kwenye mkeka anasukwa, kichwa wazi, nywele nusu zimesimama. Kisyeri akamwangazia vizuri kabisa, akasema shikamoo.

Labda kuna nchi ambako hilo ni jambo dogo. Kwetu Wakurya, na kwa Wajaluo vilevile, mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali wakionana, hawapishani kwenye njia nyembamba. Wakikutana sokoni mmoja hugeuka kukagua nyanya. Na heshima hiyo haisubiri ng'ombe wa mahari. Inaanza siku kijana anapotia nia. Kumwona mama mkwe kichwa wazi, tena kwa tochi ya kuchimbia dhahabu, ni habari ya kuhama wilaya. Tangu siku hiyo Mama Abonyo hakumtaja kwa jina. Alimwita "huyo wa Nyamongo anayemulika watu".

Akech, huko aliko, akachoka kusubiri. Akamwalika mama yake aende kumtembelea. Kisyeri naye alikuwa na safari ya kwenda kutafuta vipuri vya karasha, basi Akech akakata tiketi zote siku moja, ndege moja ya usiku kutoka Nairobi, viti vya pamoja. Nilipomuuliza kama amesahau alikozaliwa alicheka kwenye simu mpaka nikamsikia anakohoa. Mama Abonyo alipoambiwa, alisema sawa, atakaa na huyo wa Nyamongo safari hiyo moja, na ndege ikitua atakuwa na jibu la mwisho la kumpa binti yake. Kisyeri alinikatia tiketi mimi siku hiyohiyo. Nilipelekwa Dubai kama ukuta.

Akech alimpigia kumfundisha adabu za ndege. Taa zikizimwa watu wanalala. Punguza mwanga wa simu. Sauti iishie masikioni mwako. Kisyeri aliitikia kila neno kama mtoto wa komunio, na mpaka tunavuka Sirari alikuwa ameshapunguza mwanga wa simu hadi asione namba za watu.

Tulikaa hivi: Mama Abonyo dirishani, mimi katikati, Kisyeri pembeni kwenye njia. Waliongea kupitia kwangu.

"Mwambie mkanda wake umejipinda," alisema Mama Abonyo, akiangalia nje.

"Mwambie mama asante," alisema Kisyeri, akiangalia choo.

Chakula kilipokuja ndipo nilipoona faida ya kuwa ukuta. Kisyeri hawezi kula mbele ya mama mkwe. Mama Abonyo hawezi kula mbele ya mkwe. Wote wawili walimshukuru mhudumu kwa heshima na kusukuma sahani kwangu. Nilikula kuku wa kwangu, kuku wa Kisyeri na samaki wa Mama Abonyo, na keki zote. Nilifurahi sana, sitadanganya.

Baadaye taa zikazimwa. Na hapo kioo kilichokuwa mbele ya Kisyeri, mgongoni mwa kiti cha mbele, kikabaki kinawaka peke yake, na picha ya kandege kadogo kanavuka bahari. Mwanga wake ulijaa kwenye safu yetu yote. Kisyeri alikigusa kizime. Kikaongeza mwanga. Akakigusa tena, kikaanza kuonyesha katuni. Akavua koti akakifunika, katuni ikaendelea kucheza chini ya koti, miguu ya paka inaonekana.

"Dada," alininong'oneza. "Kinazimwaje?"

Nilikuwa nimeshiba na nusu usingizini. "Bonyeza rimoti, mura."

Akaichomoa rimoti kwenye mkono wa kiti, akabonyeza palipochorwa taa. Taa ya juu ikawaka, nyeupe, ikatumulika sote watatu. Kisyeri akageuka kuniomba msamaha, na macho yake yakapita juu ya bega langu. Mama Abonyo alikuwa amelala. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka chini.

Nilimwona ndugu yangu akifumba macho. Hakuyafumba kama mtu anayepepesa; aliyabana, uso wote ukakunjamana. Kwa mara ya pili amemmulika mama yule kichwa wazi, na jibu la maisha yake liko kesho asubuhi. Akaendelea kubonyeza akiwa kipofu. Akaishika rimoti yangu badala ya yake, taa yangu nayo ikawaka. Kengele ikalia. Mhudumu akaja, dada mmoja Mkenya, akamkuta mwanaume mzima amefumba macho na kugeukia njia, ananong'ona.

"Zima. Naomba uzime. Kuna mama amelala."

"Uko sawa, kaka? Macho yanauma?"

"Hayaumi. Ni mama mkwe."

Yule dada alimtazama, akamtazama Mama Abonyo, akaelewa mara moja. Hakucheka, au alichekea moyoni. Alizima taa mbili, akazima kioo, akamletea blanketi la pili. Kisyeri akajifunika gubigubi kuanzia kichwani. Nikamwambia sasa kumekuwa giza, afumbue. Akasema hafumbui mpaka Dubai.

Ingeishia hapo kama si watu wa nyuma. Kwenye safu za nyuma yetu walikaa wafanyabiashara wa dhahabu, watu wa kwetu kabisa, wanaonyeshana kwenye simu video za maduara yao, mwanga umefunguliwa mpaka mwisho, sauti zimefunguliwa mpaka mwisho, nyundo zinagonga mawe juu ya mawingu. Mwanga ukawa unacheza darini na kushuka mpaka dirishani kwetu. Kisyeri alivumilia. Kisha alisimama, blanketi kichwani, macho yamefumbwa, akawahutubia kwa sauti ya chini lakini nzito, ameelekea mlango wa choo.

"Ndugu zangu. Huu ni usiku. Kama una video, punguza mwanga, weka ya masikioni, ifaidi mwenyewe. Mtu akilala hajui kitambaa chake kiko wapi. Tusiwaonyeshe watu vitu ambavyo hawakuomba kuonyeshwa."

Mtu mmoja akauliza, "Huyo si Kisyeri wa karasha? Mbona anaongea na choo?"

"Niko na mkwe hapa," alisema Kisyeri kwa choo.

"Mkwe yuko humu ndani?" Nikasikia viti vikilia. "Jamani, mbona hukusema mapema. Zimeni, zimeni."

Zikazimwa moja moja. Mzee mmoja akavua hata saa yake inayowaka akaiweka mfukoni. Wazungu wa upande wa pili, ambao hawakuelewa hata neno, waliona kila mtu anazima wakazima na wao. Ndege nzima ikawa nyeusi kama duara, na mimi nilikuwa nimeuma blanketi langu ili nisicheke kwa sauti. Kisyeri alipapasa, akakalia mkono wangu, akatulia.

Asubuhi taa ziliwaka, ndege ikatua, watu wakasimama kushusha mizigo. Kisyeri alikuwa bado kwenye blanketi. Nilimgeukia Mama Abonyo kumsalimia. Alikuwa ameshafunga kitambaa chake vizuri, mikono imelala magotini.

"Sikulala," aliniambia.

Nikakitazama kitambaa chake.

"Kitambaa kilianguka mara tu taa zilipozimwa. Niliona aibu kuinama kukitafuta mbele yake. Nikasema nitajifanya nimelala, nione huyo wa Nyamongo anayemulika watu atafanya nini." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Baba yake Akech ndiye mtu wa mwisho aliyejali nikionekana vibaya. Tangu amekufa, ninajifunika mwenyewe."

Alinyoosha mkono mbele yangu. Nilidhani ananishika mimi. Mkono ukapita, ukasimama hewani karibu na blanketi la Kisyeri, bila kuligusa, kama inavyopasa. Akasema naye moja kwa moja, mara ya kwanza tangu ile siku ya mkeka.

"Mkwe wangu. Tumefika. Akech anatusubiri."

Blanketi likaanza kutikisika. Mwanzoni nilidhani anacheka, nikataka kulivuta nimtanie mbele ya ndege nzima, maana nilikuwa nimeyaweka maneno tayari usiku kucha. Ndipo nikasikia pumzi yake. Hakuwa anacheka.

Watu wa Nyamongo walikuwa wamejaa kwenye njia, wanauliza mbona hatusogei. Nikawaambia watangulie. Nililivuta blanketi likamfunika vizuri mpaka magotini, tukakaa mimi na Mama Abonyo, tukamsubiri.