Sefania Aingie Nyumba Ipi?

Mimi Esta nilimwambia mdogo wangu tangu siku ya kwanza: Kornelio, hilo jina liache. Akacheka. Ndiyo kawaida yake, ukimwambia jambo la maana anakuchekea, halafu anafanya anavyotaka.

Kornelio anafanya kazi kwenye kitalu cha miche hapa Magamba. Kutwa anajaza udongo kwenye viriba, kimya, utadhani bubu. Lakini mpe kalamu uone! Shuleni alichapwa kwa ajili ya kuchora mpaka walimu wakachoka wao. Mwaka juzi akaanzisha kundi la wasapu. Kila Jumamosi anachora kurasa mbili za katuni za shujaa wake, anazipiga picha, anazituma, na mwisho anauliza: shujaa afanye nini? Watu wanapiga kura, moja au mbili, na kinachoshinda ndicho anachochora wiki inayofuata. Anasema hadithi ni yao, yeye ni mkono tu.

Shujaa mwenyewe ni mpasua mbao anayetembea ndani ya ukungu bila kuacha nyayo. Mti ukikatwa kwa wizi anausikia hata akiwa bonde la tatu, na mwizi akiguswa bega anasahau njia ya kurudi kwao. Watu wakampenda, jamani! Wa Mombo wakaomba kuingia kundini, wa Tanga nao. Mashabiki wakaanza kumchora kwa mikono yao, na kijana mmoja wa Lushoto mjini akatengeneza gemu la simu ambamo shujaa anaruka magogo. Sawa, hongera. Lakini shujaa huyo alimwita Sefania, na Sefania ni jina la baba yetu.

Baba aliingia msituni miaka kumi na moja iliyopita, siku ya mvua, akasema anakwenda kutazama mizinga ya nyuki. Hakurudi. Kijiji kizima kilimtafuta siku tisa, na aliyetuongoza ni Mzee Alen, rafiki yake wa kufa na kuzikana, jirani yetu. Hatukupata hata kifungo. Wazee wa usharika walipomshauri mama tuweke msiba, aliwajibu, "Mimi siziki nguo." Basi hakukuwa na kaburi wala matanga.

Na kwa sababu hiyo hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Kwetu jina la babu halichezewi. Mtoto akipewa, babu amerudi, na bibi atamwita mume wangu mbele za watu. Ukilitoa kabla mtu hajazikwa, umeshamuua kwa mdomo wako. Mimi nina wavulana wawili, wote nilinyimwa. Modesta, mke wa Kornelio, alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alishakatazwa kulitaja. Na yule mjinga alikuwa ameshampa jina hilo mtu wa karatasi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama alipojua hakugomba. Afadhali angegomba. Alivaa miwani, akaitazama simu ya Kornelio mpaka kioo kikazima, kisha akasema, "Umempa mwili. Sasa atataka pa kukaa." Tangu hapo kila Jumamosi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mwenzake aliyechelewa shambani, "Leo mume wangu yuko wapi?"

Halafu zikaja zile picha.

Zilitumwa kundini na namba isiyo na jina wala sura, ambayo Kornelio anaapa hakuiingiza yeye. Ya kwanza ilimwonyesha shujaa amevaa sweta ya kijani yenye kiraka chekundu kwenye kiwiko. Kornelio hajawahi kumvika sweta, shujaa wake huvaa koti refu. Mama akaweka kidole juu ya kile kiraka. "Hiki nilikishona mimi," akasema. "Asubuhi ileile." Ya pili ilionyesha mti mkubwa wa mkulo umeanguka juu ya kijito. Ya tatu, shujaa amekaa chini ya ule mkulo, mguu wa kulia una gambuti, wa kushoto una soksi tupu. Tulipiga ile namba mara ishirini. Haipatikani.

Mama akaacha kula. Alikuwa anasema Sefania anaona baridi mguu mmoja. Siku moja namsuka nywele, akaniuliza, "Esta, nikifa kabla hajapatikana, mtanizika pembeni ya nani?" Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, kisha nikamfuata Kornelio kitaluni nikamtukana mbele ya wenzake. Safari hii hakucheka.

Jumamosi ile alichora ukurasa mmoja tu. Shujaa amesimama ukingoni mwa msitu, ukungu umemfika kiunoni, mbele yake kuna milango miwili. Chini akaandika: Sefania ametoka msituni. Aingie nyumba ipi? Moja, kwake. Mbili, kwa rafiki yake. Mlango wa pili aliupaka bluu. Nilimuuliza kwa nini bluu, akasema kalamu nyeusi ilikuwa imeisha. Namjua mdogo wangu anapodanganya, na hapo hakudanganya.

Watu mia mbili na kumi na mbili wakachagua mbili. Watu wanapenda visa.

Kesho yake tumetoka kanisani, ukungu umeshuka mpaka vizingitini, huoni hata banda la kuku. Mbwa wetu, anayebwekea hata majani, alijikunja chini ya benchi. Tukasikia hodi. Alikuwa Mzee Alen, na nilipompa shikamoo hakuiitikia. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mlango wake ni wa bluu, na kwamba naye yumo kundini, hasemi, anasoma tu.

Alifungua mfuko aliobeba, akatoa gambuti kuukuu la mguu wa kushoto, akaliweka miguuni pa mama.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kabla yeye hajaja kwangu."

Akasema yote akiwa amesimama. Hakukuwa na mizinga wala nyuki. Walikuwa wanapasua mkulo kwa siri, bila kibali, yeye na baba. Gogo likateleza kwenye matope likamlalia baba kifuani. Alen alimvuta mguu, gambuti likachomoka, na alipomtazama usoni alikuwa ameshakata roho. Akaogopa jela, akakimbia, na alipofika kwake akakuta bado amelishika. Siku tisa alituongoza kutafuta upande mwingine wa mlima. Gambuti alilificha darini miaka kumi na moja. "Tangu jina lilipopata mwili," akasema, "nalisikia linatembea huko juu."

Nilimrukia. Sioni aibu kusema. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikula ugali wetu miaka yote hiyo! Nilimkaba ukosi nikamuuliza, kama ulitaka kusema, kwa nini usije kama watu, unatutumia picha?

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Picha? Esta, mimi sijui kuchora hata kuku. Nilidhani mnanitumia ninyi."

Mama akasema, "Mwache. Mpe kiti."

Mzee Alen alikwenda polisi mwenyewe, na kesi yake bado. Yeye ndiye aliyetupeleka, pamoja na askari na bwana misitu. Mkulo ulikuwa juu ya kijito, vilevile kama kwenye picha. Tulipata mifupa, gambuti la kulia, na kipande cha sweta ya kijani chenye nyuzi nyekundu. Mama aliliweka lile la kushoto jenezani kwa mkono wake. Alilia siku tatu, na ya nne akaomba uji.

Modesta akajifungua mvulana. Mama alimpokea akamwambia, "Karibu, mume wangu," nami nikacheka na kulia pamoja.

Kundini walikuwa wanapiga kelele, Sefania yuko wapi. Kornelio akaweka kura ya mwisho. Moja, aendelee kutembea. Mbili, apumzike. Karibu kundi zima likabonyeza moja. Mama aliazima simu ya Modesta, akauliza mbili inabonyezwa wapi, nikamwonyesha.

Kornelio alipofungua kuona waliochagua mbili, walikuwa wawili. Mmoja ni mama. Mwingine ni ile namba isiyo na sura.

Tulimwonyesha mama. Alivaa miwani, akatazama, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Amekubali," akasema, akamfunga mtoto mgongoni akaenda kuchuma mboga. Kornelio akalifunga kundi siku hiyohiyo.