Sentensi ya Mama Kimya

Saa mbili asubuhi, mama wa miaka hamsini na mbili anavaa hedifoni, anabonyeza kitufe na kuanza kuandika maneno ya mtu asiyemjua. Chumba ni kimoja: kitanda upande huu, meza na kompyuta upande ule, pazia katikati. Anasikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Kisha anaandika kwenye mabano: kimya, sekunde nne.

"Msinisemeshe kwanza," anatuonya sisi wageni wake bila kugeuka. "Huyu baba anataka kulia."

Kazi yake ni kugeuza mahojiano ya watafiti kuwa maandishi. Watafiti hao huandikia jarida la kitaaluma linalochunguza mitandao ya kijamii, teknolojia na maisha ya watu. Kila neno la mhojiwa huandikwa, kila kicheko, kila kikohozi. Saa moja ya sauti humchukua saa tano, na maumivu ya mgongo juu yake. Ofisini kwao wanamwita Mama Kimya, kwa vile hakuna anayepima ukimya wa watu kama anavyoupima yeye.

Lakini Mama Kimya mwenyewe, jamani, hanyamazi! Hujibizana na sauti. Mhojiwa akilalamika kwamba mumewe halali bila simu mkononi, yeye huandika palepale, "Pole dada, mnyang'anye," halafu hufuta kabla ya kutuma kazi.

Mwezi uliopita alisahau kufuta.

Alikuwa akisikiliza mahojiano ya mama mwenye kijana aliye ng'ambo. Mtafiti aliuliza kama mitandao imewaleta karibu. Mama yule akanyamaza sekunde kumi na moja. Mama Kimya akaandika: "Namwona kila siku, ila yeye hajui kama namtazama."

Hayo yalikuwa yake. Binti yake wa pekee aliondoka miaka sita iliyopita kwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Waliagana kwa maneno makali, na hawajazungumza tangu hapo. Picha za binti huziangalia mtandaoni, kwa akaunti yenye picha ya ua na jina la uongo.

"Najua amekata nywele. Najua amehama nyumba, maana dirisha limebadilika," anasema. "Nimemkumbuka mpaka naumwa. Sauti yake tu ndiyo sijui siku hizi ikoje, na kazi yangu mimi ni sauti!"

Mtafiti, kijana wa rika la bintiye, aliipenda sentensi ile mno akaifanya kichwa cha makala. Jarida lilikuwa karibu kwenda mtamboni alipompigia simu kumsomea kichwa hicho na kumshukuru kwa kazi nzuri.

Angekaa kimya, nani angejua?

"Niliitambua palepale," anasema. "Nikaona nimemtia mwanamke mwingine uchungu wangu mdomoni. Nikamwambia, Daktari, nisamehe, hayo si ya mhojiwa. Ni yangu. Nilijua kazi imeshaota mbawa."

Kijana alinyamaza. "Sekunde tisa," anaongeza Mama Kimya, kwani kazi ni kazi. Kisha akasema, "Mama, nitayaondoa. Lakini yana mtu wake wa kuyasikia, na si wasomaji wetu."

Makala ilitoka na kichwa kingine. Kazi hakunyang'anywa, ila sasa kila anachoandika hukaguliwa na mtu wa pili, na hilo linamuuma.

Tangu siku ile ameirekodi sentensi yake kwenye simu mara kumi na saba. Zote amezifuta. Anapoulizwa anaogopa nini, anavua hedifoni kabisa.

"Leo naweza kujidanganya kwamba yuko kimya kwa sababu hajui niko hapa," anasema. "Akishanisikia, asipojibu, nitajidanganya na nini?"

Hata hivyo amepanga kuirekodi tena na kuituma Jumapili, binti akiwa mapumzikoni, kwa akaunti mpya yenye jina lake halisi. Picha ameshajipiga, mvi zote nje.

"Mimi nimemwona miaka yote hii," anasema. "Na yeye anione, hata mara moja. Halafu aamue."