Taa Nyekundu ya Asubuhi

Magari ya siku hizi yana taa nyingi mbele ya dereva kama altare siku ya Noeli. Gari letu lilikuwa na moja tu, ya freni, nyekundu, ndogo kama punje ya mahindi. Ilianza kuwaka Jumatatu asubuhi nikitoka depo, na kabla jua halijakaza ilikuwa imezimika. Jumanne vilevile. Kitu kilichoharibika moja kwa moja hakina shida: unakishika, unakitupa. Kile kinachougua asubuhi na kupona mchana, hicho njo kinachozika watu.

Wakati ule nilikuwa shofere wa ofisi ya zoni hapa Kindu, na funguo za depo zilikaa mfukoni mwangu. Niliyeendesha ni mimi, niliyenunua vifaa ni mimi. Gari lilikuwa katrekatre kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na nyuma lilikuwa wazi. Jumamosi lilitakiwa kumpeleka Bwana Komisere, mkubwa wa zoni, kwenye mkutano wa Chama kule Kailo. Nyuma lingepakia wanawake wa animasyo, wale wa kuwaimbia na kuwachezea wakubwa. Wanawake walikuwa kumi na wawili. Niliihesabu orodha mara mbili, na mara zote mbili mke wangu alikuwemo.

Njia ya Kailo ilikuwa na miteremko saba mibaya. Hiyo pia niliihesabu, kwenda na kurudi, maana kuna miteremko inayojificha ukiwa unapanda. Wa saba uliishia kwenye daraja la magogo lisilo na ukingo.

Mutu atauliza: kwa nini hukusema tu kwamba gari ni gonjwa? Shofere aliyenitangulia alisema. Aliambiwa kwamba gari la Serikali haliugui, anayeugua ni moyo wake kwa Chama. Walikuja kumchukua akiwa anakula. Sahani yake ilibaki mezani siku mbili, hakuna aliyetaka kuiosha.

Jumatano nilifungua waya zote za taa ile, nikazisugua, nikazirudisha. Skrubu tisa zilitoka, tisa zikarudi. Alhamisi asubuhi taa ikawaka kama kawaida. Nikalipeleka gari kwa mzee mmoja wa Kasai, aliyezeekea katika atelye, karakana ya reli, na sasa alitengenezea nyumbani kwake.

“Inawaka saa ngapi?” akauliza.

“Saa kumi na mbili na nusu, Papa.”

“Na inazima?”

“Saa tatu, jua likipanda.”

“Basi si waya. Waya haivai saa. Liache hapa, rudi kesho mapema, injini isiguswe.”

Ijumaa nilimkuta amesimama mbele ya gari, baridi ya asubuhi za kiangazi bado iko chini. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya freni, akatia kidole. Kidole kilitoka na kitu kizito, cha rangi ya machungwa, kama utando wa uji. Akanusa. Akaramba.

“Inakosa chumvi na majani ya sombe tu,” akasema.

Yalikuwa mawese. Mafuta ya kupikia, yamechanganywa na mafuta ya freni. Mzee alinionyesha: ndani ya kikopo kuna kitu kidogo kinachoelea, na mafuta yakipungua kinashuka na kuwasha taa. Asubuhi mawese yaliganda, yakakilaza kile kitu upande, taa ikawaka. Jua likiyayeyusha, kinainuka, taa inazima. Hapakuwa na uchawi.

“Nani amekuuzia hii?”

Nilikumbuka vizuri sana. Mufanyabiashara mmoja wa sokoni, mafuta ya freni katika chupa ya bia, kizibo cha nta. Nilikuwa nimembana mpaka jasho likamtoka, mpaka akanipa chupa ya pili bure, nami nikarudi depo nikipiga mluzi. Mimi nilipunguza bei, yeye akapunguza mafuta. Nilizihesabu zile chupa mara mbili. Kunusa, sikunusa hata mara moja.

Mzee alitoa mafuta yote, akayasafisha mabomba kwa lutuku kali, pombe ya kienyeji inayoshika moto. Kisha akachanganya lutuku na mafuta ya mbarika, akatikisa, akamimina. “Zamani, vitu vikikosa kuja, reli tuliendesha hivi,” akasema. Lakini alipofungua gurudumu la mbele aliniita nitazame. Mipira ya ndani, ile inayozuia mafuta yasivuje, ilikuwa imevimba kama mkate ndani ya chai.

“Mipya iko?” nikauliza.

“Iko Kinshasa.”

“Na hii itakamata?”

“Itakamata. Mara ngapi, hiyo usiniulize mimi.”

Mchana nilikwenda kwa Komisere. Nilisimama mbele ya meza yake, nikaeleza habari ya mipira, chupa nikaiacha nje ya maneno yangu. Alinisikiliza akiendelea kuandika.

“Sitwayeni,” akasema, raia kwa Kifaransa, njo tulivyoamriwa kuitana, “ile taa inawaka?”

“Sasa haiwaki, sitwayeni komisere.”

“Basi gari ni zima.” Aliinua macho. “Ao unataka mkutano wa kesho usifanyike?”

Nikatoka. Taa iliyozimika ilinitisha kuliko ilivyonitisha ikiwaka.

Jioni mke wangu alikuwa akipiga pasi kikwembe chake cha Chama, kitenge cha kuchezea animasyo. Nilimwambia yote, hata chupa ya bure. Pasi ilisimama.

“Sisi kumi na wawili nyuma,” akasema, “na nyie wawili mbele. Wewe na bei zako, baba watoto.”

“Ukikataa kupanda, wataandika jina lako.”

“Nani amesema nitakataa kupanda?” Pasi ikaanza kutembea tena. “Kupanda tutapanda. Kushuka njo hakujakatazwa.”

Jumamosi, kwenye ncha ya mteremko wa kwanza, mke wangu akagonga paa toka nyuma. Nikasimamisha. Wanawake wote wakateremka wakipiga makofi.

“Kuna nini?” Komisere akauliza.

Mke wangu alikuwa tayari kwenye dirisha lake. “Bwana Komisere, njiani kuna vijiji. Watu watuone tumelundikwa kama magunia ya mihogo? Chama kina heshima. Hapa tutacheza kwa miguu. Wakubwa mbele, raia nyuma.”

Komisere alicheka, akasema kwamba hilo ni wazo la mwanamke mwanamapinduzi. Hapakuwa na kijiji hata kimoja kwenye mteremko ule.

Wakacheza miteremko sita, nyuma yetu, na kila walipofika chini walipanda gari tena. Kila mteremko pedali ilishuka zaidi chini ya mguu wangu: kwanza robo, kisha nusu, kisha ikawa kama kukanyaga matope. Komisere alikuwa akisoma hotuba yake kwa sauti.

Kwenye wa saba, wanawake wakiwa wameshashuka, taa iliwaka, jua likiwa utosini. Nikakanyaga, mguu ukafika sakafuni. Nikavuta freni ya mkono, haikushika kitu. Niliona magogo ya daraja, nikaona ukuta wa udongo mwekundu kando ya njia, nikaligonganisha gari nao. Tulisimama hatua kumi na moja kutoka mtoni. Nilizipima baadaye.

Komisere alipigwa na kioo kwenye paji la uso. Alijipapasa, akaangalia vidole vyake, akaiangalia taa, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

“Sitwayeni. Ulijua?”

Wanawake walikuwa wamefika, kumi na wawili, vumbi mpaka magotini. Mke wangu alituangalia kupitia kioo kilichopasuka, akainua mkono, akauanzisha wimbo wa kumsifu Kiongozi wa nchi. Wimbo huo, ukiimbwa, mtu hakai. Hata mkubwa hakai, zaidi sana mkubwa. Komisere akafungua mlango, akasimama wima kando ya gari, mikono imenyooka, damu ikimchuruzika kwenye nyusi asiweze kuipangusa. Nami nikasimama upande wangu.

Walipofika mwisho walianza tena kutoka mwanzo. Halafu tena. Sauti zilikuwa zimeanza kukauka, na Komisere, akisubiri jibu lake, hakuniondolea macho.