Malumbano ya Senene

Harufu ya senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe hainipi njaa, inanipa hasira. Nisikilizeni kwanza.

Nililelewa kwa Babu, Muleba. Msimu ukifika, sisi wasichana tuliamka alfajiri kuwakamata panzi hao, tukawanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikawa vya kijani. Wakishaiva, sahani inakwenda kwa wanaume. "Mwanamke hali senene," Babu alitangaza kila mwaka, utadhani anasoma matangazo ya ndoa kanisani.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa Kiswahili akatupa insha: "Senene." Wenzangu wakaandika kwamba wana miguu sita. Mimi nikaandika kwamba Babu anatuonea, mkono unaonyonyoa una haki ya kulisha mdomo wake; na kama senene wanadhuru wanawake, Bibi, anayewaonja chumvi kila msimu, angeshazikwa zamani. Daftari likarudi na wino mwekundu: "Malumbano matupu! Andika upya. Mzazi atie sahihi." Nisipoandika upya, viboko.

Neno lenyewe sikulijua. Nilidhani ni ugonjwa. Na wa kutia sahihi alikuwa Babu huyo huyo niliyemshambulia.

"Malumbano ni nini, Babu?"

"Ni kushindana kwa maneno. Huyu anatoa hoja, yule anaipinga. Umelumbana na nani?"

"Na wewe."

"Ehee! Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye chumvi ya Bibi, jikoni kikaanguka kifuniko. Babu akajibu hoja moja moja: mwanamke akila, atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene.

"Waitu Babu," nikasema kwa heshima ya Kihaya, "mbona nyinyi mnaokula vichwa vyenu ni vizima?"

Babu akalivuta daftari kwake.

"Kwa hiyo tule?"

"Hamli." Akachukua kalamu, akaandika chini ya wino mwekundu: "Nimesoma. Simkubalii hata neno moja. Asifute."

Sikufuta. Viboko nilichapwa viwili, na miaka yote nikajihesabu nimeshindwa pande zote mbili. Sasa niko kidato cha tatu, Bukoba, ndipo naelewa: mwalimu alilitumia neno lile kuninyamazisha. Babu alinijibu. Mtoto wa darasa la sita, tena msichana, akajibiwa hoja kwa hoja!

Sahani hakunipa hata hivyo. Msimu ule ule nilijichotea mwenyewe jikoni, Bibi akichungulia mlangoni asije akatokea mtu.