Jumapili Tuliyogeuka Pangoni

Ipo Jumapili moja, mjukuu wangu, ambayo ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe hunirudia yote, kana kwamba bado nimelala kifudifudi juu ya jiwe la baridi, nikisikiliza maji nisiyoyaona. Nakusimulia kwa sababu nimesikia na wewe umejiunga na vijana wanaokutana kwa ajili ya kuingia mapangoni. Msidhani mmeanza ninyi. Sisi nasi tulikuwa na kikundi chetu.

Tulikuwa tukikutana Kawetele, nyumbani kwa Mama Subilaga, mjane aliyefundishwa mambo ya mapango na marehemu mumewe. Tukitoka ibadani tulikaa uani kwake, tukala ndizi kwa maharage na kuzungumza habari za chini ya ardhi kama wenzetu walivyozungumza mpira. Unajua mapango ya kwetu yalivyo, ya mawe meusi yaliyotiririka kama uji wa moto, zamani sana. Ukisogeza shavu kwenye mlango wa pango, unahisi pumzi ya baridi ikitoka taratibu, kama ya mtu aliyelala.

Alikuwepo Lusajo, fundi wa mashine kiwanda cha chai, kijana wa maneno mengi na moyo mwema. Alikuwepo pia Tusekile, mshonaji wa pale Msasani ya hapa kwetu, msichana mkimya aliyecheka kwa macho. Lusajo ndiye aliyetuletea habari za chumba chenye mwanga. Alisema kwamba katika pango moja la Matwebe, mwisho kabisa, alichungulia kwenye upenyo akaona mwanga wa kijani umesimama katikati ya giza. Tangu siku hiyo nilikuwa nikikiota. Hata nikiwa shambani nachuma chai, mikono inafanya kazi, mimi mwenyewe niko huko chini.

Basi Jumapili hiyo tukaenda. Tulitembea ndani kwa utulivu, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka penye nafasi ya kukaa. Mama Subilaga akatuambia tuzime tochi. Mwanangu, giza lile sijui nilifananishe na nini. Huoni mkono wako, na baada ya kitambo unasahau kama una mkono. Mtu mmoja akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, tukampokea, na sauti zetu zikazunguka kwenye mawe, zikaturudia laini, kana kwamba kuna watu wengine mbali wanaimba nasi. Ningeweza kubaki pale siku zote.

Tulipowasha tochi tukaufikia upenyo. Ilikuwa lazima ulale na kujivuta kwa viwiko. Tusekile alikuwa wa kwanza. Akaingia mpaka mabegani, akatulia, kisha akarudi kinyumenyume, jasho likimtoka.

"Siwezi," alisema. "Nendeni tu. Nitawasubiri hapa."

"Si mbali, dada," Lusajo akamwambia. "Baki na tochi yako, tunarudi sasa hivi."

Mama Subilaga akatuangalia. "Nani anabaki naye?"

Kila mtu akautazama upenyo. Mimi nilikuwa karibu na upenyo, nasikia harufu ya majani mabichi ikitoka upande wa pili. Niliinamisha uso.

"Basi tunarudi wote," akasema mama yule, akageuka.

Tulitoka. Nje kulikuwa kweupe kwa ukungu, migomba ikichuruzika. Lusajo alishindwa kuvumilia. Akamfuata Mama Subilaga pembeni, nami nilikuwa nyuma yao.

"Mama, tungepita na kurudi, na Tusekile asingedhurika."

"Najua, mwanangu. Sijasema angedhurika."

"Sasa kwa nini umeturudisha?"

"Kwa sababu angekaa peke yake gizani, akisikia vicheko vyenu vinakwenda mbali naye."

Lusajo akaenda kwenye kapu la chakula, akachukua sahani ya kwanza, akampelekea Tusekile kwa mikono miwili.

"Samahani, dada."

"Ndaga," akajibu Tusekile, yaani asante kwa lugha yetu. Machozi yakamdondoka, akala hivyo hivyo.

Usidhani baadaye tulisikia kwamba upenyo uliporomoka au maji yalijaa. Hapana. Tungepita salama kabisa. Lakini Tusekile aliendelea kuja Kawetele kila tulipokutana, na siku moja, kiangazi, akasema mwenyewe, "Leo nataka kujaribu." Mimi nikatangulia, nikawa naongea naye mfululizo, habari za kuku, habari za mvua, ili asikie sauti yangu iko wapi. Tukatokea.

Kulikuwa na tundu juu, na mwanga uliteremka pamoja na ukungu mwembamba hadi kwenye majani yaliyoota juu ya mawe. Tulisimama tukitazama juu. Halafu tukasikia mama mmoja huko juu, shambani kwake, akifukuza mbuzi wasile mahindi, na Tusekile akacheka kwa sauti. Ndipo nilipoanza kumpenda. Ni bibi yako.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Mkienda pamoja mahali, mwendo wenu uwe wa yule anayeogopa. Usimharakishe, usimwonee aibu, wala usimwachie tochi ukadhani umemsaidia. Kizuri unachokitamani unaweza kukikosa leo ukakipata siku nyingine. Lakini mtu aliyeachwa nyuma mara moja, hata ukimrudia, huenda asikuamini tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wenzako wa kukungojea, nawe akupe subira ya kuwangojea. Kila mnapoingia gizani awatoe wote, akulete na wewe mpaka mlangoni kwako, ukiwa umechoka na una furaha.