Timu yangu ya Nunguni ilijua kupiga pasi, lakini hakuna aliyetaka ku-shoot

Wakuu, heshima kwenu. Huwa nasoma nyuzi zenu na kupita kimya kimya, lakini juzi mmoja wenu aliandika kwamba coach wa basketball ni mtu wa kupuliza filimbi na kula mshahara. Hiyo imeniuma. Wacha niwape yangu, na chumvi sitaongeza.

Mimi ni mtu wa Nunguni. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilichukuliwa Nairobi na timu ya kampuni fulani. Kwenye karatasi tulikuwa clerks wa stoo, lakini bosi hakutuajiri tuhesabu misumari. Alituajiri turuke.

Asubuhi stoo, jioni mazoezi, weekend mechi. Nilikuwa mrefu, nilikuwa na mkono mwepesi, na maringo sikukosa.

Halafu goti likaenda. Nilitua vibaya chini ya ring, nikasikia kitu kinakatika. Nilipotoka hospitali, kampuni ikagundua kumbe stoo ilikuwa na clerks wengi mno.

Nikarudi nyumbani nikichechemea. Mama alinikanda kwa maji ya chumvi kila jioni na hakuniuliza swali. Nililia mbele yake, wakuu. Mtu mzima na ndevu zangu.

Kulikuwa na shule ya wasichana karibu na kwetu. Headmistress alikuwa nguzo ya kanisa, mama asiyecheka ovyo. Akanichukua kama untrained teacher.

"Mwalimu, mimi huu mpira yako siujui," akaniambia. "Wazazi wanasema wasichana wanaruka-ruka bure. Nakupatia mpaka mechi za zone. Wakituaibisha huko, mpira inarudi stoo na wewe unatafuta kazi ingine."

Kazi nyingine sikuwa nayo. Na kusema kweli, sikuwa na kitu kingine ninachokijua duniani.

Sasa, kwa wasiojua Nunguni, kule ni milima mitupu. Uwanja wetu ulichongwa ubavuni mwa kilima, ring moja ikiwa ukingoni kabisa. Ukikosa pale, mpira unateremka, unapita katikati ya shamba la kahawa, unaenda kupumzika mtoni.

Wasichana walikuwa na sheria yao hata kabla sijafika: aliyeupoteza ndiye anayeufuata. Kushuka si shida. Shida ni kupanda tena huku mama mwenye kahawa anakufokea kwa ajili ya matawi yake.

Sheria hiyo niliipenda. Wale watoto walipiga pasi ambazo hata Nairobi sikuziona. Nikaanza kulala vizuri.

Mechi ya kwanza ya zone ilikuwa Emali. (Siku hizo Makueni haikuwa district, sote tulikuwa Machakos.) Emali ni tambarare na joto lake halina huruma. Mpira ulitembea kutoka mkono hadi mkono, wenyeji wakaufukuza mpaka wakachoka. Madereva wa malori walisimamisha kazi wakaja kushangilia.

Lakini pointi hatukuwa nazo.

Ndinda, captain wangu, alijikuta peke yake chini ya ring. Hakuna mtu karibu. Nikapiga kelele, "Shoot!" Akaniangalia, akarudisha pasi nyuma.

Half time nilikuwa nimewaka. Niliona kazi yangu inaenda hivi hivi nikiiangalia.

"Mnangoja nini? Mbona hamtupi?"

Ndinda akasema polepole, "Mwalimu, kwetu anatupa ni yule ako tayari kuenda mtoni."

"Hapa hakuna mto!"

"Tunajua, Mwalimu. Lakini mkono inakataa."

Hasira ikaniisha palepale. Mimi mwenyewe nilikosa mara nyingi kuliko nilivyofunga, na kila nilipokosa kulikuwa na mtu wa kuniokotea. Hawa hawakuwahi kuwa na mtu.

Nikachechemea mpaka nyuma ya ring tuliyopaswa kufunga, nikasimama nje ya mstari. "Leo wa kuenda mtoni ni mimi," nikawaambia. "Mtu akikosa, mpira ni yangu. Tupeni."

Ndinda akatupa, akakosa vibaya. Nikaukimbilia kwa mguu mmoja na nusu. Watu wakaangua kicheko. "Mwalimu, utavunjika mguu ingine!" dereva mmoja akapiga kelele. Msichana mwingine akatupa, akakosa, nikaenda tena. Goti lilikuwa linawaka moto.

Halafu mmoja ukaingia. Halafu mwingine. Ai! Wasichana wakaanza kutupa hata kutoka mahali ambapo mimi mwenyewe nisingejaribu.

Tulipoteza kwa basket moja.

Nikaokota mpira, nikampelekea headmistress, aliyekuwa amekuja nasi kutazama, ili asihangaike kuniomba. Hakuupokea.

"Nimekaa na hawa wasichana miaka mingi," akasema. "Leo ndio mara ya kwanza nimeona wakikosea mbele ya watu na hakuna mmoja ameinamisha kichwa. Jumatatu anza na Form One."

Nilifundisha mpaka miaka ya tisini, Nunguni kwanza, baadaye Ikutha kule Kitui. Vikombe tulipata viwili vitatu, si vya kujivunia sana.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikataa kujaribu, usikimbilie kumwita mwoga. Muulize kwanza kukosa kunamgharimu nini.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Na wewe uliyesema coach ni filimbi, wewe uanze: ulipokosa, nani alikuokotea?