Ubeti Ulioachwa Hotelini

Juzi nilikuwa saluni pale Ukunda nikisukwa nywele kwa ajili ya mahojiano ya kazi, na kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kushindwa katika mahojiano hayo mara kadhaa, redio ilipoanza kile kipindi cha siku kama ya leo. Bila shaka unakijua. Siku kama ya leo, mwimbaji fulani wa Marekani alizaliwa. Siku kama ya leo, bendi fulani ya Uingereza ilivunjika, na mtangazaji akasikitika utadhani ni talaka ya dadake. Kisha akasema kwamba na hapa nyumbani, siku kama ya leo, bendi ya hoteli moja ya Diani ilitoa kibao kilichotia fora Pwani nzima, "wimbo wa asili wa mapenzi, mtunzi hajulikani." Akaupiga.

Kinu changu chaazimwa, mchi hurudi pekee.

Niliinuka na nywele nusu.

"Tulia basi," msusi akanivuta chini. "Kwani huyo mtangazaji alikuacha?"

Mtunzi hajulikani! Mtunzi ni bibi yangu aliyenilea. Na wimbo huo si wa mapenzi. Ni wa kinu.

Tulikaa Mwabungo, na bibi alitunga nyimbo zake akikuna nazi. Alikaa juu ya mbuzi, mkono ukashika mwendo, krr, krr, na maneno yakaufuata. Kazi yangu mimi ilikuwa kukamua tui, na kuiba machicha nikayala kwa sukari. Sasa jirani yetu aliazima kinu na mchi wake atwange mpunga, akarudisha mchi tu. Kinu kikakaa kwake. Bibi hakwenda kwa chifu. Alikuna nazi nyingi kupita wali wa siku ile, na zilipokwisha, wimbo ulikuwa tayari. "Neno la jirani haliendi barazani," alikuwa akisema, "huenda ngomani."

Ngoma ile ya akina mama ilikuwa na sharti lake. Ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja: jina lake, jina la mamake, na kisima anachoteka maji. Ukimpiga mtu kijembe, basi uso wako uonekane. Naye anayeimbwa huruhusiwa kujibu, lakini sharti kwanza acheze mpaka ubeti huo uishe. Siku wimbo wa kinu ulipotoka, jirani alicheza mbele kabisa, leso kiunoni, akicheka kwa hasira, na sisi watoto tukila pilau kwenye majani ya mgomba tukiwa upande wake na upande wa bibi kwa pamoja.

Halafu ile hoteli ya Diani ikawaita akina mama wa ngoma. Nilikwenda nimembebea bibi leso zake. Msimamizi wa burudani alikuwa mpole, ana tai, na bendi yake imekaa nyuma ikisikiliza. Katikati ya wimbo akamnong'oneza bibi: "Mama, fupisheni, wageni wanataka kula." Bibi akaitikia kwa kichwa. Alilelewa hivyo, kwamba mwenye nyumba haambiwi hapana ndani ya nyumba yake. Wakaukata wimbo kabla ya ubeti wa mwisho. Wageni wakapiga makofi. Usiku ule nyumbani hakula. "Leo nimemwacha mwanangu kwa watu," alisema.

Nimejaribu kuwa mwadilifu katika hasira hii. Nimejiuliza kama wimbo wa ngoma una mwenyewe, kama bendi ilijua, kama ni mimi tu ninayetafuta pa kuweka miezi yangu ya kukosa kazi. Nimeyafikiri yote hayo, na bado nikikisikia kile kinanda cha ile bendi natamani kuvunja redio.

Nilipiga simu kwenye kituo. Aliyepokea alikuwa na adabu.

"Wimbo ulitoka tarehe gani, dada?"

"Mwezi tano, Mfungo Saba."

"Hiyo ni lini?"

Nikamweleza kwamba siku ile tuliihesabu kwa mwezi unaoandama, kwa hiyo kila mwaka inahama. Akakohoa. "Basi una rekodi yenye huo ubeti wenye jina?"

Sikuwa nayo. Bibi amekwisha kufariki, na akina mama wenziwe pia. Mimi nilikumbuka mahadhi, maneno ya ubeti wa mwisho yamenitoka. Bila ubeti ule, bibi angebaki hajulikani milele.

Basi nikaenda Mwabungo kwa yule jirani. Kiwanja chetu sasa ni ukuta mrefu wa nyumba ya kukodisha wageni, na kisima kimefukiwa ndani yake. Nilimkuta akichagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si mjukuu wa yule mwenye ulimi?"

Nikamweleza. Akaweka ungo chini.

"Mapenzi? Nimeimbwa kutoka hapa mpaka Msambweni, watoto wakinifuata njiani na kinu, kinu, leo waniambia yalikuwa mapenzi?"

"Na wanasema mtunzi hajulikani."

"Hajulikani na nani? Washa hiyo simu yako. Na usikate."

Akaimba wimbo wote. Ubeti wa mwisho hakubabaika hata neno: jina la bibi, la mamake, na kisima. Nani atakumbuka tusi kuliko aliyetukanwa? Nikafuta machozi, nikaona nyuma yake, jikoni, kitu cha mti kilicholika mdomo.

"Bibi, kile si…"

"Ndicho. Na sikupi. Nikikirudisha, wimbo utakuwa uongo."

Rekodi nimeipeleka kituoni. Hawajajibu, na kila asubuhi nasikiliza siku kama ya leo nikiwa nimeuma meno. Kisima hakipo, ngoma haipo, bibi hayupo. Wale wapole wenye tai walichukua chake na kupiga makofi. Aliyemrudishia ni yule yule ambaye mpaka leo amekataa kurudisha kinu.